Chifu Alipoingia Meru na Embu

Waingereza waliingia Embu mwaka 1906 kwa nguvu za kijeshi. Mwaka 1908 Edward Horne, ambaye Wameru walimpachika jina la Kangangi, akaanzisha boma la Meru. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wakubwa wa vijiji ilikuwa tayari imeamua kwamba kila eneo sharti liwe na mtu mmoja wa kutunza barabara na usalama, na ya mwaka 1912 ikamwongezea mtu huyo mamlaka ya kutoa amri na kudai kazi. Shida ni kwamba pande hizi mbili za Mlima Kenya hazikuwa na mtu wa namna hiyo. Palikuwa na wazee wengi, na kila mmoja alikuwa mkubwa kwa jambo fulani na kwa muda fulani. Hoja yangu ni kwamba cheo cha chifu hakikuukuza uzee uliokuwapo. Kiligeuza anayemtawaza mkubwa na anayeweza kumwondoa, na mgogoro uliotokana na hilo haujaisha hadi leo.

Tazama jinsi mzee alivyopatikana Meru. Alianza katika kiama, yaani baraza la wazee la kwao, akapanda ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ilikuwa na gharama yake ya mbuzi, fahali, pombe ya asali na karamu ya wale waliomtangulia. Juu kabisa palikuwa na Njuri Ncheke, wachache waliochujwa kwa hekima na uwezo wa kunyamaza. Aliyesimama kutoa hukumu aliitwa mugambi, yaani msemaji, naye alisema yale ambayo kikao kilikuwa kimekwisha kukubaliana. Akipotoka, wenzake walimtoza faini ya mifugo. Hata wazee wote kwa pamoja hawakutawala daima, kwa sababu rika moja lilikabidhi nchi kwa lingine katika ntuiko. Waembu nao walikuwa na nduiko yao, na vizazi vya Kimanthi na Nyangi vilipokezana. Utawala ulikuwa na mwisho uliojulikana kabla haujaanza.

Kuna watakaosema kwamba Mugwe, mbariki mkuu wa Wameru, alikuwa mfalme kwa jina lingine. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa Mugwe aliheshimiwa kuliko mtu yeyote na cheo chake kilirithiwa katika ukoo. Lakini padri Bernardo Bernardi, aliyechapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1959, alikuta mamlaka ya kubariki tu. Kwa Waimenti, mojawapo ya matawi ya Wameru, mkono wa kushoto wa Mugwe ulifichwa chini ya vazi, ukatolewa tu wakati wa kubariki. Hakukusanya kodi wala hakutuma askari. Vijana wakienda vitani walihitaji baraka yake, naye aliweza kuwanyima, na hapo ndipo uwezo wake ulipokomea. Mtu ambaye silaha yake pekee ni kunyima baraka hawezi kufananishwa na chifu aliyetembea na askari wake akidai kodi ya kibanda na, baada ya Vita Vikuu vya kwanza, akisaka wasio na kipande, yaani hati ya utambulisho wa kazi.

Chifu huyo alilipwa na serikali, akaondolewa na serikali. Majirani zake hawakuwa na karamu ya kumnyima wala faini ya kumtoza. Haya hayakutokea Kenya peke yake. Kusini-mashariki mwa Nigeria, Waigbo nao walipachikwa machifu wa vyeti vya serikali katika nchi isiyokuwa na machifu, na mwaka 1929 wanawake wakaongoza uasi uliowatikisa. Meru haikulipuka hivyo. Kilichotokea ni kwamba serikali yenyewe iligundua kuwa amri za machifu haziingii mioyoni. Katika miaka ya 1930 H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyekuwa pia mtaalamu wa Kiswahili, akaigeukia Njuri Ncheke na kuitambua, na machifu na wasomi wa misheni wakahimizwa kuingia humo. Miongoni mwa waliokula kiapo ni mchungaji wa Kimethodisti Filipo M'Inoti, ambaye ndiye aliyeandika kwa Kiswahili maelezo ya asili ya Wameru. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko malalamiko yoyote ya wanakijiji, kwa kuwa unatoka kwa aliyekiunda cheo hicho.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Machifu walisimamia shule, barabara na matuta ya kuzuia mmomonyoko, ilhali Njuri ilikuwa kikao cha wazee wanaume, bila mwanamke na bila kijana. Hilo ni kweli, na atakayeandika kana kwamba zamani palikuwa na usawa anawadanganya wasomaji. Lakini mwaka 1956 unaonyesha kilichopotea. Mwezi wa Aprili Njuri, ikisukumwa na serikali, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakajikata wenyewe kwa wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi. Marufuku ilikuwa na haki na desturi ile ilistahili kukoma. Ila iliwajia wasichana kwa sauti ya boma katika vinywa vya wazee, na wahusika hawakuwa wameulizwa lolote.

Uhuru haukumwondoa chifu. Mageuzi ya mwaka 1997 yalipunguza makali ya Sheria ya Machifu, Katiba ya 2010 ikaagiza utawala wa mikoa upangwe upya, na sheria ya mwaka 2013 ikamweka chifu chini ya serikali kuu, akiajiriwa kama mtumishi mwingine yeyote wa umma. Katiba hiyohiyo inazitaka mahakama zihimize njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Kwa hiyo mtu wa Nchiru, pale Njuri inapokutania na ilipotoa ardhi ya chuo kikuu, huenda kwa chifu kutafuta barua ya kitambulisho, na shamba likiwa na mgogoro huenda kwa wazee. Mgawanyo huo ni wa busara maadamu wazee wanabaki wazee. Kila wanapomwidhinisha mwanasiasa msimu wa uchaguzi wanafanya kazi ya machifu wa kwanza, yaani kuwapelekea watu uamuzi uliokwisha kufanywa mahali pengine, na vijana wa Meru, wakiwemo wa Tigania na Igembe, wana kila sababu ya kuwauliza kikao kilikaa lini na nani aliwatuma.