Noeli ya Watoto wa Bujumbura na Deni Lake kwa Mtaa wa Buyenzi

Miongoni mwa sikukuu zinazokumbukwa na watu waliokulia Bujumbura, Noeli ndiyo inayosimuliwa kwa namna inayofanana zaidi kutoka kizazi hadi kizazi: nguo mpya iliyosubiriwa mwaka mzima, sahani ya wali wenye nyama, chupa ya Fanta (jina ambalo mjini humo limekuwa la karibu kila soda), na matembezi ya watoto kutoka nyumba ya jirani hadi nyumba ya ndugu ili waonwe, wasifiwe na walishwe tena. Linalostahili kuzingatiwa na mwanahistoria ni kwamba hakuna hata moja kati ya mambo hayo manne linalotoka katika Injili wala katika ibada ya Kanisa, na kwamba mapadre walioleta sikukuu yenyewe hawakuwa na haja ya kuyafundisha. Hoja ya makala haya ni kwamba Noeli ya watoto wa Bujumbura ilitengenezwa na mji, yaani na mshahara wake, soko lake na ujirani wake, na kwamba katika utengenezaji huo deni kubwa, ambalo halitajwi mara nyingi, ni lile linalodaiwa na Waislamu wa mtaa wa Buyenzi.

Desemba ya Burundi ilikuwa na mwenyewe kabla ya Noeli. Katika mwezi huo ulifanyika Umuganuro, sherehe ya kifalme ya kufungua msimu wa kupanda mtama, ambapo mwami, yaani mfalme, alionja chakula cha mtama mbele ya wakuu wa nchi, ngoma takatifu iliyoitwa Karyenda ikatolewa hadharani, na mwaka wa kilimo ukahesabiwa kuwa umeanza kwa baraka. Ilikuwa sherehe ya watu wazima, ya utawala na ya rutuba ya ardhi, na watoto waliishuhudia kutoka pembeni. Chini ya utawala wa Wabelgiji, na kwa shinikizo la wamisionari walioiona kuwa ngome ya dini ya kale, Umuganuro ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929, mwami Mwambutsa IV alipokuwa bado kijana. Miaka ya 1930, iliyofuata mara moja, ndiyo miaka ambayo Warundi walimiminika kuomba ubatizo kwa wingi usiowahi kuonekana, na kwa hiyo pengo lililoachwa katika Desemba halikukaa wazi muda mrefu. Si sahihi, hata hivyo, kusema kwamba Noeli ilirithi tu kiti cha Umuganuro, kwa sababu sikukuu iliyokuja ilikuwa na mhusika mkuu ambaye ya zamani haikuwa naye, yaani mtoto mchanga, na mhusika huyo alibadilisha mpangilio wote wa nani anasherehekewa na nani anatumikia.

Katika mji wenyewe Noeli ilichelewa. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walikuwa wamejaribu kukaa Rumonge, kusini mwa mji wa sasa, lakini watatu kati yao waliuawa huko mwezi Mei 1881, na waliporudi nchini walichagua kupanda milimani: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899, kisha Buhonga mwaka 1902, misheni ambayo inatazama ziwa kutoka juu na iliyokuwa karibu na kituo cha kijeshi cha Wajerumani bila kuwa ndani yake. Kituo hicho, Usumbura, kilichoanzishwa mwaka 1897 kwenye ufuko wa kaskazini mashariki wa Ziwa Tanganyika, kilikuwa mji wa askari, wapagazi, mafundi na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, Manyema na pwani ya mbali, ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili na dini yao, kwa sehemu kubwa, ilikuwa Uislamu. Mapadre waliuogopa mji huo, na hofu yao ina maana kubwa kwa historia hii, kwa kuwa iliacha kalenda ya furaha ya Usumbura mikononi mwa Waislamu kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916 na kuufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, eneo walilokabidhiwa baadaye na Shirika la Mataifa, waliupanga kwa kuwatenga watu: Wazungu upande wao, wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kigiriki katikati, na Waafrika katika makazi mawili ambayo leo ni Bwiza na Buyenzi. Buyenzi, yenye njia zilizonyooka na kuitwa kwa namba, ilikuwa makazi ya Waswahili, neno ambalo huko lilimaanisha Waislamu wa mjini waliozungumza Kiswahili, bila kujali babu zao walitoka wapi. Mtoto wa Mrundi aliyeshuka kutoka milimani kutafuta kazi, akapata chumba Bwiza, aliona sikukuu ya mjini kwa mara ya kwanza kupitia Idi ya jirani zake: kanzu zilizofuliwa zikawa nyeupe kabisa, magauni mapya ya wasichana, pilau, na watoto wakipita mlango kwa mlango kutoa salamu na kupokea vitu vitamu. Milimani, ambako chakula cha kila siku kilikuwa maharage, ndizi, viazi vitamu na mtama, wali haukuwa chakula cha sherehe. Sherehe ilikuwa pombe ya ndizi au ya mtama iliyonywewa na wakubwa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Kwa hiyo familia za Kikristo za Bwiza, na baadaye za Nyakabiga, Kamenge na Ngagara, zilipoanza kuwa na Noeli ya nyumbani, na si ya kanisani peke yake, kielelezo kilichokuwa karibu nao hakikuwa Ubelgiji, kilikuwa njia ya pili kutoka kwao. Nguo mpya, wali na kutembeleana ni umbo la Idi lililotiwa maudhui ya Kikristo, na jambo hili linapaswa kusemwa waziwazi, kwa heshima, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2008 ilihesabu Waislamu kuwa asilimia 2.5 tu ya wananchi.

Ubelgiji nao ulileta chake, ingawa kwa mlango mwingine. Kwa desturi ya Wabelgiji mleta zawadi wa watoto ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra wa karne ya 4, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, na familia za maofisa wa Usumbura ziliendelea na desturi hiyo mbali na kwao. Mwafrika aliyekuwa mpishi au boyi katika nyumba hizo aliiona kwa macho yake, lakini mwanawe aliishi ng'ambo ya mstari uliotenganisha mitaa. Kilichovuka mstari huo kilikuwa ile desturi ya ofisi na kampuni kuwakusanya watoto wa wafanyakazi wao mwezi Desemba chini ya mti uliopambwa, kuwaburudisha na kumpa kila mmoja kifurushi. Desturi hiyo, ambayo Wafaransa na Wabelgiji huiita mti wa Noeli, iliendelezwa baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, mwaka ambao mji ulichukua jina la Bujumbura, na bado wapo watu wazima wanaoikumbuka Noeli kama siku waliyoingia kwa mara ya kwanza mahali baba alipofanyia kazi. Mti wenyewe ulikuwa tawi la mvinje au la mti mwingine uliopatikana, likapambwa kwa pamba, karatasi za rangi na vibofu vya hewa. Pamba, kwa bahati njema, haikuwa adimu katika mji uliozungukwa na mashamba yake ya bonde la Rusizi.

Lakini chanzo cha Noeli ya watoto, kuliko mti na kuliko askofu wa Myra, kilikuwa mshahara. Karani, fundi, dereva na askari walipokea fedha mwisho wa mwezi, na Desemba ilikuwa mwezi pekee ambao fedha hiyo ilidaiwa na watoto kabla ya mwenye nyumba na mwenye duka. Katika miaka ya 1950 mji ulikua kwa kasi: Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa OCAF, ilijenga nyumba za Ngagara, mtaa ambao wakazi wengi wamezoea kuuita kwa jina la ofisi hiyo, na mwaka 1955 kilianzishwa kiwanda cha bia na soda cha Brarudi, ambacho bia yake ya Primus ilichukua nafasi ya chungu cha pombe mbele ya wazee na soda zake zikawapa watoto, kwa mara ya kwanza, kinywaji cha sherehe kilichokuwa chao. Badiliko hili si dogo. Katika sherehe ya milimani mtoto hakuwa na fungu katika kinywaji cha heshima; kwenye meza ya Noeli ya Bwiza chupa yake ilisimama kando ya chupa ya baba, na watu waliokuwa watoto miaka hiyo hukumbuka zaidi haki ya kuwa na chupa nzima bila kugawana na ndugu kuliko ladha yake. Wali nao, ambao zamani ulikuwa alama ya Waswahili, ulipatikana kwa urahisi zaidi kadiri kilimo cha mpunga cha umwagiliaji kilivyoenea katika tambarare ya Imbo, kaskazini mwa mji, na mahali nyama ilipokuwa ghali ziwa lilisaidia kwa mukeke na sangala, samaki wanaoheshimiwa mezani kuliko ndagala wa kila siku.

Shule ilikamilisha mzunguko huo. Muhula wa kwanza hufungwa kabla ya Noeli, na mtoto hurudi nyumbani na buletini, karatasi ya alama zake, ambayo wazazi wengi waliifungamanisha na nguo: aliyefaulu alikwenda sokoni na mama yake kuchagua, na aliyeshindwa aliletewa kilichopatikana. Fundi cherehani wa Buyenzi, mara nyingi Mwislamu, alikesha wiki nzima ya kabla ya tarehe 25 akishona magauni na suruali za watoto wa Kikristo, kama alivyokuwa amekesha kabla ya Idi kwa watoto wa mtaa wake, na huenda hakuna mtu aliyeijua Noeli ya mji kwa undani kama yeye.

Kanisa halikukosa sehemu yake. Mwaka 1959 Usumbura ulipewa askofu wake wa kwanza, Michel Ntuyahaga, na kanisa kuu la Regina Mundi likawa mahali ambapo misa ya mkesha ilikusanya watu wa mitaa yote. Pango, yaani mfano wa zizi la Bethlehemu, desturi ambayo chanzo chake hutajwa kuwa Fransisko wa Asizi huko Greccio mwaka 1223, liliwekwa chini kiasi cha mtoto kuona ndani, na watoto wachanga wengi walibatizwa siku hiyo, jambo linaloeleza wingi wa akina Noël, Nativité na Emmanuel katika nchi hiyo.

Haiwezekani kuandika historia ya furaha ya watoto wa Bujumbura bila kuandika pia ni nani aliyekosekana mezani. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwachukua makarani, walimu, wanafunzi na askari wa Kihutu, yaani wale hasa ambao mishahara yao ilikuwa imeijenga Noeli ya mjini, na Desemba ya mwaka huo ilifika katika nyumba ambazo baba alikuwa ameitwa akaondoka na hakurudi, wala hakuruhusiwa kuliliwa hadharani. Katika miaka ya 1980 serikali ya Rais Jean-Baptiste Bagaza iliwafukuza wamisionari na kubana ibada za siku za kazi, hadi alipopinduliwa Septemba 1987. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vita viliigawa mitaa kwa kabila: Kamenge na Kinama upande mmoja, Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga upande mwingine. Matembezi ya watoto, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sikukuu, yalikatika mahali mtaa ulipoishia. Misa ya mkesha ililazimika kusomwa mapema kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku, iliyoondolewa mwezi Aprili 2006 tu, na siku za kati ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, zilibeba misiba yao wenyewe, kama shambulio dhidi ya basi la Titanic Express tarehe 28 Desemba 2000 karibu na mji na kuuawa kwa balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, tarehe 29 Desemba 2003. Katika miaka hiyo Buyenzi, ambako watu wa makabila yote na wa dini zote waliendelea kwa kiasi kikubwa kuishi pamoja, ilibaki mahali ambapo mtoto bado angeweza kubeba sahani iliyofunikwa hadi kwa jirani asiye wa kabila lake, na ni haki kusema kwamba umbo la sikukuu lilihifadhiwa katika mtaa uleule lilikotoka.

Amani iliporejea watoto walirudi kwenye fukwe za ziwa na kwenye bustani ya umma katikati ya mji, wakipigwa picha wakiwa wamevaa mpya, hadi mapigano na mauaji ya Desemba 2015 katika Musaga, Nyakabiga na Ngagara yalipowatawanya wengine kwenda kambi za Nyarugusu nchini Tanzania na Mahama nchini Rwanda. Soko kuu, ambako nguo za Noeli zilinunuliwa kwa miaka mingi, lilikuwa limeteketea tarehe 27 Januari 2013, na wanunuzi wamehamia masoko ya mitaani, hasa Ruvumera, ambalo liko Buyenzi. Miaka ya karibuni uhaba wa mafuta umezifanya familia nyingi zishindwe kupanda milimani kula Noeli kwa babu na bibi, na uhaba wa vinywaji vya Brarudi umeifanya Fanta iwe kitu cha kutafutwa na kufichwa majuma kadhaa kabla. Wazazi wengi walioshindwa kuipata hutengeneza sharubati nyumbani, na baadhi ya watoto wanaokua sasa watasimulia Noeli yenye maji ya matunda na nguo ya mtumba iliyopigwa pasi vizuri, wakiivaa kwenda kwa jirani kama wazazi wao walivyofanya.