Ridhaa ya Mwenye Fedha na Kauli ya Mtazamaji

Zamani, kabla filamu haijaweza kupelekwa kwa aliyeiagiza katika simu ya mkononi, naye akajibu papo hapo kwamba hapa pakatwe na pale paongezwe, kadhia ya kutafuta ridhaa juu ya taswira ziendazo ilikuwa safari ya miezi, yenye lori, mtambo wa umeme na barabara za matope. Na katika nchi zetu, mfano ulio bora wa safari hiyo ulianzia Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935.

Huko ndiko Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, walikoweka makao ya jaribio la sinema ya mafunzo, lililobuniwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari na kugharimiwa zaidi na shirika la Carnegie la New York. Hata kufikia 1937 walikwisha kutengeneza filamu zipatazo 35, za upana wa milimita 16, juu ya kodi, chai, safura na malaria ya watoto. Sauti ilitiwa katika santuri, mbali na picha, ili filamu ile ile ipate kusema Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine.

Tuitazame moja, ile ya Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wapokea mshahara. Mmoja azifukia fedha zake chini ya sakafu ya nyumba yake, na mwivi aliyemwona aja kuzifukua. Mwenziwe apeleka zake posta, nazo zasalimika. Kisa hicho kilikuwa na wenyewe watatu: serikali, iliyotaka raia waweke akiba, mafundi, waliotaka kieleweke, na mkulima aliyeketi chini gizani, akikabili kitambaa cheupe, ambaye ndiye aliyekusudiwa ilhali hakuagiza kitu.

Ni haki tuwashuhudie mafundi hao kwamba kuonyesha tu hakukuwatosha. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nao wakaangalia watu wachekapo na wanyamaapo, wakakusanya maoni, kisha wakayaeleza katika kitabu chao cha mwaka 1937, *The African and the Cinema*. Ila aliyeshika kalamu aghalabu alikuwa afisa au mmisionari, akimsemea mtazamaji. Na wahenga walikwisha nena kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Zilipoombwa serikali za makoloni ziiendeleze kazi hiyo kwa fedha zao, hazikuridhia, na jaribio likakoma mwaka huo huo wa 1937. Cheko na kimya cha wale waliokwisha kuziona havikuwa na uzito katika mizani hiyo.

Basi wewe utengenezaye filamu kwa ujira, ukisha kupata sahihi ya aliyekuagiza, usiikunje kamera yako upesi: mwite mmoja wa wale itakaowafikia, umwonyeshe, nawe unyamaze, umsikilize.