Farasi Wasiolingana: Ulinganishi wa Kupotosha katika Matangazo ya Zamani ya Motokari, Ukitazamwa kutoka Kalemie

Katika Kiswahili cha Kalemie, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kongo ya Mashariki, chombo ambacho mtu wa pwani hukiita gari huitwa motokari. Neno gari lilifika pwani kutoka lugha za Bara Hindi, nalo lilikuwa jina la chombo cha kukokotwa kabla ya kuhamishiwa kwenye chombo chenye injini. Motokari ni neno lenye asili ya Kiingereza, na si jambo dogo kwamba lilitia mizizi katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji kwa lugha ya Kifaransa. Mji huu, ulioitwa Albertville wakati wa ukoloni, uliangaliana na Kigoma ng'ambo ya ziwa. Bidhaa ziliufikia kutoka pande mbili, na pamoja na bidhaa yalikuja maneno ya kuzisifu.

Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata, reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilifika ziwani karibu na mahali mto Lukuga unapotokea. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Ubelgiji ilipewa na Uingereza haki ya kutumia sehemu maalumu za bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Kwa hiyo motokari iliyoshushwa Dar es Salaam kwa ajili ya Albertville ilipakiwa kwenye behewa, ikavushwa ziwa ndani ya meli, na kugusa ardhi ya Kongo ikiwa bado haijatembea kwa nguvu zake yenyewe. Hali hii yafaa kukumbukwa kila tunapokutana na tangazo linalodai kwamba motokari fulani imeishinda Afrika.

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna matangazo ya motokari yalivyotumia ulinganishi kati ya miaka ya 1920 na ya 1970, na namna ulinganishi huo ulivyoweza kumpotosha msomaji bila kusema uongo. Wanafunzi wa fasihi wanaijua vema tashbihi. Anayesema kwamba mtu fulani ni mrefu kama mnazi hashtakiwi kwa kukosea vipimo, maana msemaji na msikilizaji wamekwisha kubaliana kimyakimya kwamba hapa pana kutia chumvi. Tangazo la biashara hufanya jambo jingine. Huchukua uhuru wa tashbihi, kisha huuvisha nguo za hesabu. Msomaji aonapo tarakimu hudhani kwamba ruhusa ya kutia chumvi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mfano ulio bora kuliko yote ni farasi. Kipimo cha nguvu za farasi kilianzishwa na James Watt katika karne ya 18 ili awauzie mashine za mvuke watu waliokuwa wakitumia farasi. Ulikuwa ulinganishi wa kibiashara tangu siku ya kuzaliwa kwake, ila ulimlinganishia mnunuzi kitu asichokijua na kitu alichokijua. Sasa tuulete ulinganishi huo Tanganyika. Katika nchi za mbung'o mnyama wa kukokota hakudumu. Mizigo ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji au kuvuka ziwa ilibebwa na wapagazi. Mtu wa mwambao wa Albertville alijua uzito wa mzigo begani na mwendo wa siku moja kwa miguu. Farasi hakuwa kipimo chake. Alipewa tarakimu ambayo upande mmoja wa mlingano wake ulikuwa mtupu.

Hata waliowajua farasi hawakuwa salama. Uingereza ilianza mwaka 1921 kutoza kodi ya pauni moja kwa kila nguvu moja ya farasi, lakini farasi hao hawakupimwa kwenye injini inayofanya kazi. Walihesabiwa kwa kanuni iliyozingatia upana wa silinda na idadi ya silinda tu. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuingizwa kabisa. Wahandisi wa Kiingereza, kwa kawaida ya binadamu mbele ya kodi, wakatengeneza silinda nyembamba na ndefu. Ndiyo maana Austin Seven, iliyotoka mwaka 1922, ilikuwa na farasi saba wa kodi na zaidi ya kumi wa kweli. Ufaransa nayo ilikuwa na kanuni yake. Citroën 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948, jina lake lamaanisha farasi wawili. Injini yake ya sentimita za ujazo 375 ilitoa nguvu za farasi wapatao tisa.

Basi tumfikirie mnunuzi wa miaka ya 1950 aliyesimama Albertville. Kutoka magharibi na kusini anasikia farasi wa Kifaransa. Kutoka Kigoma anasikia farasi wa Kiingereza, ambao kodi yao ilikuwa imefutwa kwao lakini majina yao yalikuwa bado yamebandikwa kwenye magari yaliyokuwa barabarani. Wote wanaitwa farasi. Farasi wa upande mmoja hawezi kulinganishwa na wa upande wa pili, na hakuna kati yao anayeeleza ni mzigo gani utakaopanda mlima.

Wa tatu ni farasi wa Kimarekani, na huyu ndiye mkubwa wa kiriba. Hadi modeli za mwaka 1971, viwanda vya Marekani kwa kawaida vilitangaza nguvu za injini iliyopimwa juu ya meza ya majaribio, ikiwa imevuliwa vifaa vingi ambavyo ndani ya gari huila nguvu hiyo. Kuanzia modeli za mwaka 1972 injini ilipimwa ikiwa na vifaa vyake. Cadillac Eldorado ya mwaka 1971 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 365. Ya mwaka 1972, yenye injini ya ukubwa uleule wa lita 8.2, ilitangazwa kuwa na 235. Farasi 130 walitoweka bila hata mmoja kufa.

Tuondoke kwenye tarakimu twende kwenye safari, maana katika Afrika ndiko ulinganishi ulikonenepa zaidi. Tarehe 28 Oktoba 1924 msafara wa kampuni ya Citroën, ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, uliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria ukiwa na magari manane. Ulivuka Sahara, ukapita kaskazini mwa Kongo, na Kampala ukagawanyika makundi manne, likiwamo lililokwenda Mombasa na lililokwenda Dar es Salaam. Kila gari lilikuwa na nembo yake: dundu wa dhahabu, tembo mwenye mnara, konokono mwenye mabawa. Filamu ya Léon Poirier kuhusu msafara huo ilionyeshwa mwaka 1926, na kuanzia mwaka 1925 jina la Citroën liliwaka kwa taa kwenye mnara wa Eiffel.

Magari hayo, hata hivyo, hayakuwa yale yaliyouzwa dukani. Badala ya magurudumu ya nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira iliyobuniwa na Adolphe Kégresse, na akiba za petroli zilikuwa zimetangulizwa njiani. Karani aliyenunua Citroën ya kawaida kwa sababu ya msafara alinunua jina lililopita Sahara, hakununua chombo kilichopita huko. Kuna jambo jingine lililofichwa, nalo kwangu ni zito zaidi. Barabara za Kongo ya Kibelgiji zilifyekwa na kutengenezwa na wanavijiji kwa kazi ya kulazimishwa. Tangazo linalolinganisha gari na pori, likisema kwamba gari limeshinda, limekwisha kumwondoa katika mlingano mtu aliyelifyeka pori hilo.

Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza kwa nia njema zaidi. Yalipofanyika mara ya kwanza mwaka 1953, yakiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake ya dukani. Hiyo ilikuwa namna ya haki ya kulinganisha, maana mnunuzi aliona fedha yake ingemfikisha wapi. Kadiri viwanda vilivyotuma madereva na mafundi wake, gari la mashindano lilizidi kuachana na la dukani. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa mwaka 1966 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa gari lenye injini ya kunyunyiziwa mafuta, ilhali 404 ya kubeba abiria iliyoenea katika barabara zetu ilikuwa ndefu zaidi na ilipakizwa watu na magunia kupita kiasi.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza saba. Sentensi inayosema kwamba kati ya 84 la kwanza lilikuwa letu ni ya kweli kabisa. Haisemi ni mangapi kati ya yale 77 yaliyobaki njiani yalikuwa yetu pia.

Namna hii ya kusema kweli ilifikia ukamilifu wake mwaka 1965, kampuni ya Ford ya Marekani ilipotangaza kwamba gari lake jipya lilikuwa na kelele pungufu kuliko Rolls-Royce. Vipimo vilichukuliwa kweli. Kilichopimwa ni kelele, na kilichouzwa ni jina la Rolls-Royce.

Je, sheria ilimlinda nani? Katika Kongo ya Kibelgiji amri ya kisheria ya tarehe 24 Februari 1950 ilikataza ushindani usio wa haki, yaani vitendo vilivyo kinyume cha desturi njema za biashara ambavyo kwavyo mfanyabiashara humnyang'anya mshindani wake wateja au kumharibia sifa. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba aliyelengwa kulindwa ni mfanyabiashara dhidi ya mfanyabiashara mwenzake. Sahara haikuwa na duka, wala pori la Kongo halikuwa na wakili. Gari lililojilinganisha navyo halikumdhulumu mshindani yeyote. Mnunuzi hakuwa mmoja wa pande mbili za shauri hilo. Wateja aliotajwa kunyang'anywa mshindani ndio waliokuwa wakisoma matangazo.