Chuma Kilichomo Damuni

Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza, mkunga alimpima damu, akampa vidonge na kumwambia: "Mama, damu yako imepungua. Meza hivi kila siku, vina madini ya chuma." Njiani kurudi nyumbani nikajiuliza swali la kitoto: chuma hicho kimetoka wapi? Ardhini, sawa. Je, ardhi nayo ilikipata wapi?

Miaka ikapita kabla sijapata jibu. Lilikuwa limekwisha kuandikwa tangu mwaka 1957, katika makala ndefu ya kurasa 104 iliyochapishwa Marekani. Waandishi walikuwa wanne: Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle. Walieleza kuwa nyota ni tanuri. Ndani yake hidrojeni huungana ikawa heliamu, na muungano huo ndio unaotoa mwanga tunaouona. Hidrojeni ya katikati ikiisha, kitovu cha nyota husinyaa na kuzidi kupata moto, kisha heliamu huzaa kaboni na oksijeni. Katika nyota kubwa kazi hiyo huendelea hadi kufikia chuma. Hapo ndipo mwisho, kwa sababu kuunganisha chuma hakutoi nishati bali huila. Kitovu huporomoka, nyota hulipuka, na sehemu kubwa ya mali yake hutawanyika angani. Vumbi la milipuko ya namna hiyo ndilo lililochangia kuumba dunia yetu, na damu ya mke wangu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya Margaret. Ili kujua nyota zina nini, ilimpasa kuchunguza mwanga wake kwa darubini kubwa za Mount Wilson, huko California. Wakati huo, mwaka 1955, wanawake hawakupewa nafasi ya kuzitumia. Basi aliyeomba ni mumewe, ambaye fani yake ilikuwa nadharia, naye Margaret akapanda mlima kama msaidizi wake. Usiku ulipoingia, mtaalamu wa darubini alikuwa ni huyo "msaidizi".

Mwaka 1983 Fowler alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na Subrahmanyan Chandrasekhar aliyetuzwa kwa utafiti wake mwenyewe juu ya nyota. Hoyle na akina Burbidge hawakutajwa. Margaret aliendelea na kazi yake, akafariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 100.

Mtoto wetu alizaliwa salama, msichana. Alipofika sekondari alirudi siku moja amenuna: wenzake wamemwambia fizikia ni somo la wavulana. Sikumhubiria. Nilimketisha barazani, nikamsimulia habari ya mama aliyepanda mlima kwa jina la mumewe, akashuka akijua asili ya chuma kilichomo damuni mwetu.