Saba Saba na Kadi ya Mama

Mwezi wa Julai mwaka wa 2016 niliwachukua wajukuu zangu wanne kutoka Narung'ombe hadi Dar es Salaam, kwenda kuona maonyesho ya Saba Saba. Nilikuwa nimewaahidi safari hiyo kwa miaka mitatu, na kila mwaka ufuta ulipouzwa palizuka jambo likala fedha ya nauli. Mwaka ule halikuzuka. Isitoshe, yalikuwa maonyesho ya arobaini tangu yaanze, na redio iliyatangaza asubuhi na jioni, hata mke wangu, ambaye si mtu wa safari, akasema, "Wapeleke hao watoto kabla hawajakua wakakataa kuongozana nawe."

Tuliondoka Ruangwa alfajiri, tukapita Nanganga, Lindi na Nangurukuru, tukafika Rufiji jua likiwa juu. Watoto walilivuka Daraja la Mkapa bila kugeuza shingo. Sikuwalaumu. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka wa 2003, kabla yao wote, na hawawezi kujua maana ya kulala Ndundu siku mbili na mzigo wa korosho ukingoja kivuko huku maji yakipanda. Jioni tuliingia Mbagala kwa binti yangu. Barabara tuliyokuja nayo, yaani Barabara ya Kilwa, ndiyo inayopita mlangoni pa Viwanja vya Mwalimu Nyerere, kwa hiyo sisi watu wa kusini tunafika Saba Saba kabla hatujafika mjini. Nadhani ni jambo pekee ambalo barabara ile ilitupendelea kwa miaka mingi.

Maonyesho yalikuwa yamekwisha kufunguliwa tarehe 1 Julai na Rais Kagame wa Rwanda, akiwa na mwenyeji wake Rais Magufuli. Sisi tulikwenda siku yenyewe, Alhamisi ya tarehe 7, na kwa kuwa Idi el Fitri iliangukia juma lile lile, watu walikuwa kama siafu. Niliwafunga watoto kitambaa chekundu mkononi ili nisiwapoteze. Tuliona samani za Magereza, ambazo kila mtu huzisifia na wachache huzinunua. Tuliona mabanda ya JKT na ya VETA, tukapanga foleni ndefu kwenda kuwaona wanyama wa Maliasili. Mjukuu wangu mdogo, mtoto wa mahali ambapo tembo huja kula mahindi, alilipiwa kiingilio akamwangalie mnyama amelala! Lakini roho zao zote zilikuwa kwenye bembea za umeme.

Tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi tunakula, yule wa kike, wa darasa la nne, akaniuliza, "Babu, hizi saba mbili ni za nini?"

Kabla sijajibu, kaka yake aliyekuwa kidato cha kwanza akadakia, "Ni siku ya wafanyabiashara."

Nilimeza chakula taratibu. Nilifundisha historia kwa miaka thelathini na sita, kumi na tisa kati yake nikiwa mwalimu mkuu. Na kijana hakukosea sana, maana hivyo ndivyo siku yenyewe inavyotangazwa siku hizi.

Niliwaeleza. Tarehe 7 Julai 1954, hapo hapo Dar es Salaam, chama cha Tanganyika African Association kiligeuzwa kuwa chama cha siasa kikaitwa TANU, na Mwalimu Nyerere akawa rais wake. Siku ya saba ya mwezi wa saba. Baada ya Uhuru ikawa sikukuu ya taifa zima, ikawa pia sikukuu ya wakulima, na sisi watoto wa shule tuliingoja kuliko mtihani. Kisha tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi zikaungana, CCM ikazaliwa. Siku ya kuzaliwa ya chama ambacho hakipo tena ikabaki kwenye kalenda kama kanzu ya marehemu msumarini. Ukiyahesabu maonyesho haya ya biashara kurudi nyuma kutoka lile la arobaini, unafika karibu na mwaka huo huo. Katika miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, wakulima nao walihamishiwa kwenye Nane Nane, na huku kwetu viwanja vyake viko Ngongo, Lindi. Kwa maoni yangu haikuwa hila ya mtu yeyote. Nyumba ikishahamwa, mpangaji mwingine huingia.

Tena si sisi tu. Mwaka wa 1893 Wamarekani walifanya maonyesho makubwa mjini Chicago ya kukumbuka miaka 400 tangu Columbus afike huko, nao walichelewa mwaka mmoja mzima. Mhandisi mmoja aitwaye Ferris alijenga pale gurudumu la chuma la kupandisha watu hewani, urefu wake kama mita 80, lenye vyumba 36. Gurudumu hilo limezaa watoto dunia nzima, hata bembea waliyokuwa wakiililia wajukuu zangu ni kitukuu chake. Je, ni wangapi wanaolipanda leo wanaokumbuka kwamba lilianza kwa ajili ya Columbus?

Hayo yote niliyasema vizuri, kimwalimu. Kisha yule wa darasa la nne akauliza, "Na wewe Babu, ulikuwepo?"

Hapo ndipo nilipowaeleza jambo ambalo hata mama yao nilikuwa sijamweleza.

Mimi nilizaliwa mwaka wa 1949. Narung'ombe wakati huo, na hadi ilipoundwa Wilaya ya Ruangwa mwaka wa 1995, ilihesabiwa Nachingwea, na baba yangu alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali pale Nachingwea mjini. Mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa umekwisha kuanguka, mashamba yamerudi kuwa vichaka, lakini mshahara wa tarishi ulikuwa mshahara. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama cha siasa. Baba alikuwa mwoga wa kawaida, kama wenye watoto sita wanavyopaswa kuwa. Kwa hiyo aliyekata kadi ya TANU nyumbani kwetu alikuwa mama. Baadaye, nilipozisoma habari za Bibi Titi Mohamed na jinsi wanawake walivyojitokeza kwa wingi huku waume zao wakiwa wamefungwa midomo na ajira, nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nikisoma habari za jikoni kwetu.

Mama hakujua kusoma. Fedha ya kadi aliipata kwa kuuza karanga za kuchemsha. Kadi yenyewe aliifunga katika kipande cha kaniki akaificha ndani ya kibuyu cha mbegu, mahali ambapo baba asingeweza kuigusa hata kwa bahati mbaya. Nilipokuwa na miaka minane au tisa, baba akiwa kazini, aliitoa mara moja akaniambia nimsomee jina lake. Nikamsomea. Akaniambia nirudie.

Sasa njoo mwaka wa 1974. TANU inatimiza miaka ishirini. Mimi ni mwalimu kijana, nina miaka miwili tangu nitoke chuo cha ualimu, najiona naijua nchi yote. Nachingwea ilikuwa imechangamka kuliko nilivyopata kuiona. Vijana wa FRELIMO, waliokuwa na kambi yao katika mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga, walikuwa na furaha, kwa sababu miezi isiyotimia mitatu kabla yake serikali ya Ureno ilikuwa imepinduliwa mjini Lisbon. Shule yetu ilipangiwa meza: mihogo, ufuta, vikapu vya wanafunzi, na "kumbukumbu za chama". Kumbukumbu hatukuwa nazo. Nikaenda nyumbani nikamwomba mama kadi yake.

Alinitazama kidogo. Akauliza, "Utairudisha?" Nikamwambia, "Mama, mimi ni mwalimu."

Niliibandika kwenye karatasi kubwa kwa gundi ya unga wa muhogo, nikaandika chini yake maneno ya sifa kwa rangi nyekundu. Watu walipita, walisoma, walipiga makofi. Kukawa na gwaride, ngoma na hotuba. Mchana upepo ulivuma, tukazifunga karatasi zile, tukazifungua, wanafunzi wakanitoroka kwenda kuangalia mpira, nami nikawafuata. Jioni tulipokusanya vitu, mihogo ilikuwepo, vikapu vilikuwepo, ile karatasi haikuwepo. Nilitafuta hadi giza. Huenda ilifagiliwa na takataka, huenda mtu aliitamani. Kosa lilikuwa langu, maana meza ilikuwa yangu.

Nilipomweleza mama alikuwa akipepeta. Hakusimamisha ungo. Akasema, "Basi, mwanangu. Uhuru si tumekwisha pata?" Sikumsikia akiitaja tena kadi ile mpaka alipofariki mwaka wa 1988. Lakini kila Saba Saba iliyofuata, mji mzima ukienda uwanjani, yeye alikwenda shamba.

Wajukuu walinyamaza. Yule wa kidato cha kwanza, ambaye hupenda hesabu, akauliza, "Namba yake ilikuwa ngapi?"

Sikuijua. Niliishika kadi ile mkononi mara mbili maishani, mara ya pili nikiwa mwalimu wa historia mwenye kalamu mfukoni, na namba sikuiandika popote.

Alasiri niliwaacha na mama yao, nikaingia katika mabanda machache kutazama kama kuna mahali walipoweka kadi ya TANU, hata ya mtu mwingine, niwaonyeshe tu ilivyofanana. Niliona simu, matrekta, magodoro na dawa za nywele. Sikuyazunguka mabanda yote, miguu ilikataa. Niliporudi, zamu yao ya bembea ilikuwa imefika. Nikalipa. Mdogo alipofika juu kabisa alipiga kelele kwamba anaiona bahari, na mimi chini nikampungia mkono ingawa sikumwona.

Siku tatu baadaye, basi likikaribia Rufiji, yule mkubwa aliniamsha. Alitaka nimwonyeshe mahali kilipokuwa kivuko cha Ndundu. Dereva alikuwa na haraka, na majani ya ukingoni yameota marefu. Nilinyoosha kidole nikamwambia, nadhani ni pale.