Kijitabu kilichobaki kwenye boksi: historia fupi kwa anayetaka kuanza michezo ya mikakati

Mtu akiuliza aanze na mchezo gani wa mikakati, mara nyingi hutajiwa ule mkubwa kuliko yote anaoujua anayejibu. Anza na Civilization. Anza na StarCraft. Basi anapakua gigabaiti kadhaa, anafungua, anakutana na ramani, vitufe chungu nzima na askari wasiosema wanataka nini. Baada ya saa moja anafunga na kujiambia kwamba michezo hii ni ya watu wenye akili nyingi kumliko. Mimi natengeneza programu kwa kazi, na nikiona mtu kashindwa na programu katika saa ya kwanza sianzi kwa kumlaumu yeye. Nauliza: maelezo yaliwekwa wapi? Swali hilo ukilifuata nyuma mwaka hadi mwaka linakupa historia ya michezo hii, na linakusaidia kuchagua kuliko orodha yoyote ya "michezo kumi bora".

Tuelewane kwanza. Mchezo wa mikakati ni ule ambao ushindi unatokana na mpango kuliko wepesi wa vidole: unakusanya mali, unajenga, unapanga majeshi, unaamua lini upigane na lini ungoje. Kuna koo mbili. Katika michezo ya zamu, unacheza, kisha mwenzako anacheza, kama drafti. Katika michezo ya papo kwa papo, saa haikungoji. Unapofikiri adui anajenga.

Haya, turudi mwaka 1991. Kampuni ya Marekani iitwayo MicroProse ilitoa Civilization, kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo, ramani yote ni giza, na una walowezi wa kuanzisha mji wa kwanza. Unamaliza, ukibahatika, kwa kurusha chombo kwenda nyota nyingine. Ndani ya boksi, pamoja na diski, kulikuwa na kijitabu kinene cha maelezo. Hilo halikuwa pambo. Diski za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo sana, kwa hiyo mafunzo yalichapishwa kwenye karatasi na diski ikabebeshwa mchezo wenyewe. Ilitegemewa kwamba utakaa chini usome kabla ya kugusa kibodi.

Na kijitabu kilikuwa na kazi ya pili. Katikati ya mchezo kompyuta ilikusimamisha na kukuuliza: uvumbuzi huu unahitaji uvumbuzi gani mwingine kabla yake? Jibu lilikuwa kwenye kurasa. Ukikosa, unapoteza majeshi. Ilikuwa kinga dhidi ya watu wanaonakili diski. Kwa lugha ya kazi yangu, kijitabu kilikuwa kipande cha programu, ila tu kilipigwa chapa badala ya kuandikwa kwenye diski.

Sasa fikiria sisi huku. Wengi waliokutana na michezo hii Kenya walikutana nayo saiba, au kwenye CD iliyonakiliwa, imo ndani ya mfuko wa plastiki, jina limeandikwa kwa kalamu. Kijitabu? Hakuna. Wavunja kinga waliweza kuling'oa lile swali, lakini hawakuweza kukuwekea kichwani maarifa yaliyokuwa kwenye zile kurasa. Tulipokea nusu ya programu tukaambiwa ndiyo nzima. Naamini watu wengi walioamua mapema kwamba "mikakati si yangu" walishindwa na nusu hiyo, hawakushindwa na mchezo.

Mwaka 1992 Westwood Studios ya Las Vegas ikatoa Dune II, mchezo ulioweka umbo la ukoo wa papo kwa papo kama tunavyoujua: chimba mali, jenga kambi, tengeneza vifaru, shambulia. Ulikuwa unamwamuru askari mmoja mmoja. Umetaka vifaru kumi vitembee, bofya mara kumi. Warcraft ya mwaka 1994 iliruhusu wanne kwa pamoja, Command & Conquer ya 1995 ikakuwezesha kuburuta kipanya na kuzungushia kundi zima mstari, na StarCraft ya 1998 ikaweka kikomo cha 12. Nataja hesabu hizi kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo anayeanza haambiwi: katika ukoo huu, sehemu kubwa ya unachojifunza ni mikono. Si kosa. Korea Kusini walijenga mashindano mazima ya kulipwa juu ya StarCraft. Lakini kama unataka kujua iwapo unapenda kupanga, usianze mahali ambapo vidole vinakuhukumu kabla ya mpango.

Isipokuwa mmoja. Age of Empires ilitoka mwaka 1997 kutoka Ensemble Studios, na Bruce Shelley, yule yule wa Civilization, alikuwa amehamia huko. Toleo la pili, la mwaka 1999, ndilo ningemwekea mtu anayeanza bila wasiwasi, na sababu ni William Wallace. Waliotengeneza walichukua vita vya Waskoti dhidi ya Waingereza wakavigeuza kuwa darasa la hatua saba. Katika hatua ya kwanza hujengi chochote. Unajifunza kumchagua askari, kumtembeza na kumpiganisha, basi. Hatua ya pili inaleta chakula na nyumba. Ya tatu inaleta mafunzo ya askari, ya nne utafiti. Ikifika ya tano uko kwenye pigano la Stirling, na hujatambua kwamba ulikuwa shuleni. Kile kijitabu kimetoka kwenye boksi kikaingia kwenye hadithi. Wakaongeza pia kitufe kidogo kinachokupeleka kwa mfanyakazi aliyekaa bure. Kitu cha kawaida kabisa, lakini kimeokoa wanaoanza wengi kuliko silaha yoyote ya mchezo ule. Toleo lililofanywa upya mwaka 2019 limebakiza Wallace na kuongeza mazoezi mafupi ya kupima mikono yako.

(Kwa msomaji wa pwani: nyongeza ya mwaka 2015 iliyoleta Waethiopia na Wamali ina pia hadithi ya Francisco de Almeida, na wewe unakuwa upande wake. Huyo ndiye Mreno aliyeivamia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Cheza ukijua.)

Lakini kuna njia nyingine ya kumfundisha mtu, nayo ni kupunguza kanuni badala ya kuzieleza vizuri zaidi. Wachezaji wa bao waliijua zamani. Bao kamili lina awamu ya namua, ambapo kete za mkononi huingizwa ubaoni moja moja, na hapo ndipo mgeni hupotea. Kwa hiyo lipo bao la kujifunza: kete zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo, mbili kila shimo, na namua imeondolewa. Mwanafunzi anajifunza kusambaza na kula kwanza. Mengine yatakuja.

Michezo ya kompyuta ilichelewa kufika hapo, ila ilipofika ilifika vizuri. Advance Wars ya Nintendo, mwaka 2001, ilikuwa na mafunzo marefu ya uwanjani yenye somo dogo kila ramani. Halafu mwaka 2009 ukatoka mchezo ambao mashabiki wakongwe hukataa hata kuuita wa mikakati: Plants vs. Zombies wa George Fan, kampuni ya PopCap. Unapanda mimea kuzuia mizuka isiingie nyumbani. Naomba tuutazame polepole, kwa sababu mtengenezaji yeyote wa programu ana la kujifunza hapa.

Bustani kamili ina mistari mitano. Hatua ya kwanza imewekewa nyasi mstari mmoja tu. Kwingine ni udongo mtupu usiopandika. Una mmea mmoja, unaotema njegere. Kwa hiyo hata ukitaka kukosea, hakuna mahali pa kukosea. Hatua ya pili mistari inakuwa mitatu na unapewa alizeti, ambayo haipigani, inatoa jua la kununulia mimea mingine. Mistari yote mitano haifiki hadi hatua ya nne. Yaani mtu aliyekuwa hajashika mchezo maishani ameshafundishwa uchumi, ulinzi na kuamua kipi kitangulie, bila kusoma aya moja. Mwaka 2012 Fan alitoa mhadhara kwenye mkutano wa watengenezaji wa michezo huko San Francisco kuhusu alivyomfanya mama yake aumalize mchezo huo. Mhadhara ule nauona ni bora kuliko vitabu vingi vya usanifu wa programu.

Into the Breach, mwaka 2018, ulikwenda mbali zaidi. Ubao ni wa 8 kwa 8, sawa na drafti. Una mashine tatu. Na kila zamu mchezo unakuonyesha adui atapiga wapi kabla hajapiga. Hakuna siri, hakuna kubahatisha pigo. Kazi yako ni kuvuruga mpango unaouona mbele yako. Tangu mwaka 2022 uliingia pia kwenye simu kupitia Netflix. Ni mgumu, lakini ugumu wake uko wazi: ukishindwa unajua kwa nini. Huo ndio ugumu anaouweza anayeanza.

Upande wa pili kuna michezo mizito ya kampuni ya Paradox ya Uswidi, na hapa najua kishawishi chenu. Europa Universalis IV ya mwaka 2013 inakuruhusu kuitawala Kilwa yenyewe kuanzia mwaka 1444, na biashara ya Bahari ya Hindi ikipita Zanzibar. Nani hataki? Usianze nayo. Ni daftari la uhasibu lenye ramani nzuri. Ukitaka mlango wa nyumba hiyo, Crusader Kings III ya mwaka 2020 ndiyo iliyotengenezewa wageni: inakuanzisha Ireland, mwaka 1066, chini ya mfalme mdogo wa Munster ambaye mahitaji yake yanaeleweka, na kila neno gumu kwenye skrini ukiliwekea kipanya linajieleza, na ndani ya maelezo hayo maneno magumu nayo yanajieleza. Kijitabu sasa kimeingia ndani ya maneno yenyewe. Ukishajua kuongoza ukoo wa Munster, rudi Kilwa.

Na Civilization? Wengi watauendea tu, hasa waliousikia wimbo. Toleo la nne, la mwaka 2005, linafunguka kwa "Baba Yetu", sala imbwayo kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin. Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kushinda Grammy. Sipingi. Civilization una faida moja kubwa kwa mgeni: ni wa zamu, na mwanzo wake ni mwembamba. Tatizo liko mbele, pale miji inapofika kumi na kila mmoja unataka neno lako. Kwa hiyo cheza zamu mia moja, acha, anza upya. Fanya hivyo mara tatu. Watu hushikilia mchezo wa kwanza mpaka mwisho kana kwamba wamelipia nauli, na wanachovuna ni kuchoka. Toleo la tano, la 2010, lilipiga marufuku kurundika majeshi, askari mmoja kila kipande cha ramani, na ramani yake husomeka kwa macho.

Kama pesa ni suala, kuna Freeciv, iliyoanzishwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na kutolewa kwanza Januari 1996. Ni programu huria, ila inamdhania mtu anayejua Civilization tayari. Ni kijitabu kilichobaki kwenye boksi tena. Kwenye simu ya Android kuna Unciv, huria pia, inayofuata kanuni za lile toleo la tano kwa picha sahili mno. Na kama simu ndiyo kompyuta yako pekee, The Battle of Polytopia ya Waswidi, mwaka 2016, ndiyo ningeiweka mbele: ramani ndogo, aina moja ya mchezo inaisha kwa zamu 30, unaimaliza ndani ya matatu kabla hujashuka.

Lakini mwenye laptopu nzee asiye na senti, mimi humpa The Battle for Wesnoth. Aliianzisha David White mwaka 2003, ni huria, ni ya zamu, na ina somo la mwanzo ambapo mchawi mzee aitwaye Delfador anakushika mkono. Malizia somo hilo, kisha chukua hadithi fupi ya ndugu wawili, ina hatua nne tu. Kila kabla ya kupiga utaonyeshwa asilimia ya kupata. Utakosa pigo la asilimia 70 mara mbili mfululizo na utaapa kompyuta inaiba. Haiibi, elfu yako msituni inalindwa na hesabu hiyo hiyo. Angalia pia jua: askari wa nuru huongezewa nguvu robo mchana na kupunguziwa robo usiku, maadui wa giza kinyume chake. Kwa hiyo jioni ikianza kuingia, warudishe waliojeruhiwa kwenye vijiji, ambako hupona pointi 8 kila zamu, na ungoje kukuche.