Kabla ulale kwenye mashine ya CT scan, jua ilikotoka

Wasee, daktari akikwambia ukafanyiwe CT scan, swali la kwanza huwa ni bei. Ni swali halali, doo ni doo. Lakini historia ya hii mashine inaonyesha kuna maswali mengine, na ukiyanyamazia unaweza kuumia.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka wa 1895, na mifupa ikaanza kuonekana bila kisu. Ubongo ukabaki siri. Ni nyama laini ndani ya fuvu gumu, haitokei vizuri kwenye eksirei ya kawaida. Kuanzia 1919 madaktari wakawa wanaingiza hewa kupitia uti wa mgongo ndio nafasi za ndani ya ubongo zionekane. Mgonjwa alitoka hapo kichwa kikimpasuka, anatapika. Hiyo njia ilitumika kwa zaidi ya miaka 50.

Halafu wakaja watu wawili, kila mtu kivyake. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuwazia shida hiyo mwaka wa 1956 akifanya kazi kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alichapisha hesabu zake 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeshtuka. Kule Uingereza, Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi wa EMI, ile kampuni iliyouza santuri za Beatles. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu (sisi tulioacha chuo tunapenda hiyo sehemu). Wazo lilikuwa hivi: piga eksirei kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta ipige hesabu na kutoa picha ya ndani, kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa slaisi.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo akawa mgonjwa wa kwanza. Uvimbe ukaonekana bila kumfungua kichwa. Mwaka wa 1979 Cormack na Hounsfield wakagawana Tuzo ya Nobel.

Sasa upande wa pili. Eksirei nyingi ni mionzi mingi. CT ya tumbo inaweza kukupa mionzi karibu sawa na ile mwili wako hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka 3 hivi. Hatari ya scan moja ni ndogo, lakini huna sababu ya kuipokea bure.

Na mashine hufuata ilivyosetiwa na binadamu. Mwaka wa 2009, Los Angeles, Marekani, iligunduliwa kwamba zaidi ya wagonjwa 200 wa hospitali moja walikuwa wamepigwa mionzi takriban mara 8 ya kipimo kilichokusudiwa wakati wa CT ya ubongo. Kosa liliendelea kwa miezi 18. Lilianza kujulikana baada ya mgonjwa kusema nywele zake zinang'oka. Wataalamu wote walipita hapo, na aliyewashtua ni mgonjwa aliyefungua mdomo.

Kwa hivyo fungua wako mapema:

Uliza scan inatafuta nini, na kama ultrasound au MRI inaweza kujibu swali hilo hilo.

Kama ulishapigwa picha, beba CD na ripoti. Usirudie bure.

Kama una mimba, au unashuku tu, sema kabla hujalala pale.

Ukiambiwa utadungwa dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, sema kama una shida ya figo, kama dawa hiyo iliwahi kukudhuru, au kama unatumia metformin ya kisukari. Usiache dawa zako kivyako, daktari ndiye ataamua.

Ukimpeleka mtoto, uliza kama kipimo cha mionzi kimepunguzwa kulingana na mwili wake.

Hii si ya kukutisha ukimbie. Msee aliyegonga kichwa kwa ajali ya boda anahitaji hiyo scan haraka, maana damu ikivuja ndani ya fuvu dakika zinahesabika. Lakini kama imepangwa wiki ijayo, una muda wa kuuliza, na haki pia unayo. Tumia hii kwa mzazi au beshte ambaye ako na miadi.